Khalti, najua dawa ya mjomba ilinunuliwa bei gani. Niseme au ninyamaze?

Asalaam aleikum Khalti,

Naomba jina langu usilitoe wala usitaje nafanya hospitali gani, manake Malindi ni ndogo, ukikohoa Shella wanakupa pole Maweni.

Mi ni msichana wa miaka 27, nimesomea famasia diploma, na nafanya kazi kwenye famasi ya hospitali moja ya binafsi hapa mjini, mwaka wa tatu sasa. Mshahara si mkubwa lakini ndio unaolipa kodi ya nyumba ya mama na karo ya wadogo zangu wawili, baba alishatangulia mbele ya haki.

Kazi yangu ni dirishani. Dawa zikiletwa na muuzaji wa jumla zinakuja na kistika cha bei, na sisi tumeambiwa tukibandue kabla dawa haijatoka kwenda wodini au kwa mgonjwa. Kwa hivyo asubuhi zangu nyingi nabandua stika kwa ukucha wa dole gumba mpaka gundi inaganda chini ya ukucha, naenda nayo nyumbani, nikila naiona. Mwanzo sikujali, nilisema kila duka linaficha bei ya kununulia, hata muuza leso hakwambii yeye alichukua kwa ngapi. Lakini baadae nikaanza kuandika kwenye kidaftari kidogo cha kijani, sijui kwa nini hasa, naandika tu, kichupa cha seftriaksoni, ile sindano ya kuua vijidudu, kimeingia kwa shilingi 80 kimetoka kwa 650, maji ya dripu yameingia kwa 70 yametoka kwa 500. Kidaftari kinakaa kwenye mkoba wangu wa kazini.

Sasa mjomba wangu, kakaake mama, ni mvuvi na ana sukari. Mwezi wa tano bahari ilikuwa chafu hawaendi mbali, akawa anavua karibu karibu, akakanyaga taa, yule samaki wa mwiba, kwenye maji ya magoti tu. Mguu ukavimba ukaanza kunuka. Usiku familia wakasema twende kule anakofanya kazi mtoto wetu, wakidhani kwa kuwa mi nipo watafanyiwa nafuu. Wakaambiwa watoe diposti ya elfu 20 kabla hajapanda wodini, watu wakaanza kuchangishana M-Pesa pale pale kwenye benchi. SHA, hii bima ya afya ya serikali, alikuwa amejiandikisha lakini mchango wa mwaka hajalipa.

Akalala siku sita. Jumanne daktari akasema aende nyumbani, bili ikaja 96,400. Hawakuwa nazo. Akabaki mpaka Ijumaa, hatibiwi chochote, yuko tu kitandani na getini wameambiwa asitoke, na kila usiku kitanda kinaongezwa 4,500, alipotoka ikawa 109,900. Wakauza injini ya boti.

Kuna kitu Khalti sijamwambia mtu. Mjomba alikuja na insulini yake mwenyewe kutoka nyumbani, mama aliibeba kwenye chupa ya chai ina barafu. Manesi walitumia hiyo hiyo, kwenye chati imeandikwa kabisa "ya mgonjwa". Mi mwenyewe najua famasi haikutoa insulini kwa jina lake, kadi ya stoo iko wazi. Lakini kwenye bili kuna insulini 3,800. Niliona siku ile ile kwenye kompyuta nikanyamaza, nikasema labda ntauliza kesho, kesho ikapita.

Binamu yangu (mtoto wa mjomba) siku moja alinikuta naandika kwenye kidaftari akakiona. Sasa anakitaka, anasema apige picha kurasa zote aweke Facebook na jina la hospitali watu wajue wanavyonyonywa. Jumapili walikaa kikao nyumbani kwa mjomba, mi nikaitwa kama mshtakiwa. Mama hakunitetea. Alisema, "Hospitali yenu imemla kakaangu na wewe uko dirishani unatizama." Tangu siku hiyo ananiitikia salamu tu.

Na bosi wangu si mtu mbaya Khalti, mama alipougua mwaka jana alinipa ruhusa wiki nzima na mshahara hakukata. Nilipoajiriwa nilisaini fomu kwamba siri za kazi sitazitoa nje.

Je niwape daftari? Niache kazi? Mshahara ninaokula ni halali kweli? Na kwa nini serikali inaweka bei ya petroli kila mwezi mpaka senti lakini dawa kila mtu anajipangia anavyotaka?

Mimi wa dirishani, Malindi.

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara ya pili nikajikuta natizama ukucha wangu mwenyewe. Pole sana. Pole ya mjomba, na pole ya hiyo Jumapili, manake kuitwa kikaoni na watu waliokulea si jambo dogo.

Nikikuelewa vizuri, familia inakuona umekaa upande wa hospitali, na wewe unaogopa ukihamia upande wao utapoteza kazi inayowalisha hao hao. Na katikati una kidaftari cha kijani na insulini ya 3,800 ambayo inakukaa kooni. Sina jibu la fanya hivi usifanye vile, na ningelikuwa nalo ningeogopa kukupa, kwa sababu si mimi nitakayeamka asubuhi kwenda pale dirishani. Lakini yako mambo kwenye barua yako naona yamefungwa kifurushi kimoja na mi nadhani si kimoja, hebu tuyafungue.

Tuanze na hiyo 80 kuwa 650, ndiyo unayoiona kila siku na ndiyo inayowasha damu ya binamu. Inauma, sikatai. Lakini hebu jiulize kidogo, je tofauti yote ile ni wizi? Kile kichupa kimekaa kwenye friji au kwenye stoo yenye umeme, umeme ukikatika jenereta inaunguruma, yuko nesi wa saa tisa usiku aliyekichanganya, zipo dawa zilizopitwa na tarehe zikatupwa. Na hospitali za binafsi zimelalamika waziwazi kwamba NHIF, bima ya zamani, ilivunjwa Oktoba 2024 ikaja SHA na madeni ya nyuma yakabaki yananing'inia. Pengo hilo mtu hulizibia wapi? Kwa mgonjwa wa keshi, kama mjomba. Siwatetei, nakwambia tu hilo ndilo wakili wao atakalolisema dakika ya kwanza, na daftari lako peke yake halina la kumjibu. Linaonyesha faida kubwa. Faida kubwa kwenye dawa, hapa kwetu Kenya, haijawekewa kikomo.

Na hapo naingia kwenye swali lako la petroli, ni swali zuri. EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mafuta, tarehe 14 ya kila mwezi inatangaza bei ya juu ya mafuta mpaka Malindi yetu hii, kituo kikizidisha kinashikwa. Dawa hazina EPRA yao. Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo nawe bila shaka ndiyo iliyokusajili, inatizama kama dawa ni salama na kama duka lina leseni, bei haimo mkononi mwake. Ada za madaktari ndizo zilizoandikiwa kanuni, za mwaka 2016, zina kima cha chini na cha juu, kwa hivyo mstari wa "daktari" kwenye bili ya mjomba unaweza kulinganishwa na kitu. SHA nayo ina viwango inavyolipa hospitali, mfano kujifungua kawaida elfu 10 na kwa upasuaji elfu 30, lakini hicho ni kiwango cha mlipaji, si kikomo cha kile ambacho hospitali itamwambia mtu wa keshi. Mjomba angekuwa amelipa mchango wake hesabu ingesoma vingine. Najua mvuvi kulipa mwaka mzima kwa mpigo si mchezo, msimu wa kusi hasa.

Wenzetu wamejaribu. Afrika Kusini tangu 2004 dawa inatoka kiwandani na bei moja kwa wanunuzi wote wa sekta binafsi, na famasi inaongeza ada yake ambayo nayo ina kikomo. India, ambako watu wetu wa pwani wanapeleka wagonjwa kila siku, Februari 2017 waliweka kikomo kwenye zile stenti za kuzibulia mishipa ya moyo, zile zilizopakwa dawa zikawa zisipite rupia 29,600 na ushei wakati zamani mtu alikuwa anatozwa mara tatu nne. Watu walishangilia. Halafu muda si mrefu wakaanza kulalamika kwamba kilichopunguzwa kwenye stenti kinarudi kwenye vifaa vingine na ada nyingine za hapo hapo hospitali. Ndio maana mi nikisikia mtu anasema serikali iweke bei tu mambo yaishe, natia shaka kidogo. Ukifunga bei ya seftriaksoni, glavu zitapanda, au kitanda kitapanda, na ukifunga vibaya ukaweka chini ya gharama, dawa yenyewe inapotea rafuni na wa kwanza kuikosa ni wa vijijini, Marereni huko. Lakini mgonjwa wa saa saba za usiku na mguu unanuka hawezi kusema ngoja nipite duka la pili niulize bei, huyo hana soko, na mtu asiyekuwa na soko lazima awe na mtu wa kumsimamia. Nimetoka nje ya barua yako, nisamehe, ni jambo linalonikera miaka mingi.

Turudi. Insulini ni jambo lingine kabisa, wala usilichanganye na la kwanza. Dawa iliyotoka kwenu ikauzwa ghali ni bei. Dawa ambayo haikutoka kwenu ikaandikwa kwenye bili si bei tena. Ila hapa pia nakuuliza taratibu, una hakika imefanywa makusudi? Huenda ule mfumo wa kompyuta ukimuingiza mgonjwa wa sukari unamwekea insulini wenyewe na hakuna aliyeifuta. Huenda keshia alisoma chati haraka. Na huenda ni makusudi, na wanafanyiwa wengi. Wewe una miaka mitatu hapo, umeona nyingine kama hiyo, au hii umeiona kwa sababu ilikuwa ya mjomba? Jibu lake unalijua wewe na linabadilisha mengi.

La tatu hukuliuliza hata, nami limenishtua kuliko bei zote. Jumanne mpaka Ijumaa. Mahakama Kuu mwaka 2015, kwenye kesi ya kina mama waliozuiliwa hospitali ya Pumwani, Jaji Mumbi Ngugi alisema kumfungia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kinyume cha Katiba. Pumwani ni ya serikali, lakini mahakama zimekuja kulirudia neno hilo kwa hospitali za binafsi pia. Deni linabaki deni, hospitali ina njia ya kulidai, hata mahakamani, lakini getini si njia. Kwa hivyo zile 13,500 za kitanda cha siku ambazo alishaambiwa nenda nyumbani, mi ningeanza kuuliza hapo. Na ile diposti nayo, Katiba kifungu cha 43 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mguu wa mtu wa sukari ulioanza kuoza usiku ni dharura au si dharura? Hilo mtu wa sheria atalijibu kuliko mimi.

Sasa daftari. Ukimpa binamu, kwa saa moja Malindi nzima wanajua ni nani, ni mwandiko wako na ni bei ambazo anayeziona ni wewe na pengine watu wengine wawili. Fomu uliyosaini itatolewa. Sheria ya kuwalinda wanaofichua imezungushwa bungeni miaka na miaka, usiitegemee kama mwavuli. Na jina la hospitali likipandishwa Facebook kuna kesi ya kuchafuliwa jina, na atakayeandikiwa barua na wakili ni binamu mwenyewe. Kwa upande wa pili sitakudanganya kwamba kunyamaza hakuna gharama, gharama yake umeshaanza kuilipa, unaandika daftari bila kujua kwa nini. Pengine unajua.

Lakini binamu anahitaji daftari kweli? Mgonjwa ana haki ya kuomba bili ya kina, kitu kwa kitu, siku kwa siku, na taarifa zake mwenyewe za matibabu, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki ya kuona kilichoandikwa juu yake. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inasema aelezwe gharama za matibabu anayopewa, je kuna aliyewaeleza chochote kabla ya ile karatasi ya Jumanne? Mjomba akikaa na bili ya kina mkono huu na nakala ya chati mkono huu, insulini ataiona mwenyewe, imeandikwa "ya mgonjwa", si umesema. Hapo hakuna stika wala bei ya jumla ya mtu. Utajiuliza, nikiwaambia waombe bili ya kina si nishatoa siri? Mi naona ni kitu ambacho hata boda wa nje ya geti angewaambia, ila dhamira ni yako, na usisahau wakiomba tu bosi anaweza kukutizama vingine.

Ipo pia njia ya ndani. Kulinganisha kadi ya stoo na kilichotozwa si uasi, ni kazi ya famasi. Kuna tofauti ya kumwambia bosi "mnawaibia watu" na kumwambia "hesabu ya insulini haikubaliani, famasi haikutoa na bili imetoza, tumekosea wapi?" Mtu aliyekupa wiki nzima ya kumuuguza mamako huenda akashtuka na kurudisha. Huenda pia akarudisha hiyo moja ya kwenu kimya kimya na wengine waendelee kulipa, halafu itakuwaje moyoni mwako? Sijui. Na huenda ukagundua uzuri wake una mpaka. Hiyo si sababu ya kutomuuliza lakini nenda ukiwa umejiandaa.

Nje ya hapo liko baraza la madaktari, KMPDC, ndilo linalotoa leseni za hospitali na linapokea malalamiko, na iko Mamlaka ya Ushindani kwa mambo ya mtumiaji aliyedanganywa. Malalamiko yakiletwa na mjomba na karatasi zake ni mgonjwa analalamika, yakiletwa na wewe na daftari ni mfanyakazi anamgeuka mwajiri, na hayapokelewi sawasawa. Yanachukua muda pia, msitegemee injini kurudi mwezi ujao.

Kuacha kazi, sitakushika mkono wala kukusukuma. Ila usiache wiki ya hasira, na sai mahoteli yamefunga nusu, watu wanazunguka na vyeti. Ukitaka kuondoka tafuta kwanza pa kwenda, hata kama ni Kilifi au Watamu.

Halali na haramu muulize shekhe unayemuamini, umueleze yote kama ulivyonieleza mimi, usimfupishie. Mi nitakuuliza tu, mbandua stika na aliyeandika insulini isiyotoka, unawaona ni mtu mmoja? Mbona kwenye barua umejiandika kana kwamba ni mmoja.

Halafu mamako. Nimeirudia ile sentensi yake. Hakusema hospitali ni ghali, alisema ulikuwa dirishani unatizama. Mi nahisi kinachomuuma si 109,900 yote, ni kwamba alimleta kakaake kwako, na chupa ya chai ya barafu kaibeba yeye, na akakukuta upande wa pili wa kioo. Ningekuwa wewe ningeenda kukaa naye jikoni bila daftari wala hesabu. Kama utaweza kumwambia niliogopa, mwambie. Ya insulini unaweza kumwambia siku hiyo au usimwambie, pima, manake ukishamwambia binamu atajua kabla ya magharibi.

Na kuna mtu mmoja simsikii kabisa kwenye barua hii. Binamu anataka Facebook, mama amenuna, wewe hulali, kikao kimekaa nyumbani kwa mjomba, na mjomba mwenyewe alisema nini? Mguu ni wake, bili ni yake, chati ni yake, ugonjwa wake ndio utakaosomwa na mji mzima picha zikipandishwa. Pengine anataka kupigana mpaka mwisho. Pengine anataka tu injini nyingine kaskazi ikianza. Kabla hujaamua la daftari mtafute peke yake, si mbele ya kikao, umuulize.

Kidaftari chenyewe kitoe kwenye mkoba wa kazini leo, kikae nyumbani. Na uniandikie tena. Kidonda je, nani anamsafisha sai, na wapi? Hukuniambia.

Khalti wako.